Dakika mbili za mwaka 1896 katika ubao wa nusu shubiri

Swali: Mzee wangu, shikamoo. Nakuandikia kutoka Wete. Mwaka wa tatu sasa naunganisha vifaru na askari wa plastiki wa skeli ya 1/35. Juzi nilimaliza diorama kubwa, yaani tukio la vijisanamu juu ya ubao, sentimita 60 kwa 45: kifaru, lori, pikipiki, nyumba iliyobomoka, kisima na askari 14. Picha zake nimekutumia. Kila anayeiona husema "mashaallah, umefanya kazi", halafu anaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza pale kuna nini. Sasa nataka kutengeneza ndogo, ya vita vya Unguja vya 1896, na sitaki yanikute yale yale. Nianzie wapi? Na hii kubwa niifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Picha zako nimezitazama kwenye simu, halafu nikaenda kuzichapisha Darajani nizione vizuri. Mkono wako hauna tatizo. Kutu ya lile lori ni kutu kweli, na matope ya minyororo ya kifaru yamekauka juu yakabaki mabichi chini, jambo ambalo mafundi wengi wa miaka kumi hawajaliona. Tatizo liko kwingine, nalo limo ndani ya barua yako. Ulipotaka kunieleza diorama yako ulinihesabia vitu: kifaru, lori, pikipiki, nyumba, kisima. Askari nao ukawahesabu, 14, kama magunia ya karafuu. Hukuniambia hata mmoja wao anafanya nini. Basi watazamaji wako wamekujibu kama ulivyowauliza. Umewaonyesha kazi, wameisifu kazi.

Hebu tupige hesabu. Skeli ya 1/35 maana yake kila sentimita moja ya ubao ni sentimita 35 za dunia. Ubao wako ni kiwanja cha mita 21 kwa karibu 16. Simama Darajani asubuhi, kata kwa macho kiwanja cha ukubwa huo, uhesabu yanayotokea humo: mmoja anapatana bei ya ndizi, mwengine anagombana na utingo, watoto wanakwenda skuli, kuku kafungwa miguu. Yote ni kweli, lakini hapana hadithi, kwa sababu hapana aliyekushika mkono akakwambia tazama hapa. Diorama ndogo inakushika mkono. Ndiyo maana naipenda kuliko kubwa, na ndiyo maana nimefurahi uliposema unataka kuipunguza.

Mfaransa Louis Daguerre alipofungua Diorama yake mjini Paris mwaka 1822, lilikuwa ni jumba la giza. Watu walikaa wakatazama picha moja kubwa kupitia uwazi mmoja, na mwanga ukawa unabadilishwa juu ya picha hiyo. Giza lote lile lilikuwa na kazi moja: kuyanyima macho pahala pengine pa kwenda. Sisi wa vijisanamu hatuna jumba la giza. Tuna ukingo wa ubao tu, basi lazima ukingo huo ufanye kazi ya giza.

Unauliza uanzie wapi. Anza na sentensi, usianze na boksi la vijisanamu. Iandike kwa penseli: nani, anafanya nini, wakati gani. Ukijikuta umeandika "kisha", una diorama mbili. Ukijikuta umeandika "wanajeshi" au "majeshi", bado huna hata moja. Nikupe mfano wa hapa hapa. Alfajiri ya 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka Rufiji ikaja kuipiga Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja. Watu 38 wa Pegasus walikufa. Mtu akitaka kuyatengeneza mapigano yale atahitaji bandari nzima, na mwisho wake atakuwa na meli mbili zinazotazamana. Lakini Pegasus ilikuwa imetia nanga ili mitambo yake itengenezwe. Sentensi ikawa hivi: "Fundi wa mitambo ameshika kifaa alichokifungua, amesikia mlio wa kwanza." Mtu mmoja, kifaa kimoja, kipande cha sakafu ya chuma cha sentimita 8. Kile kifaa mkononi mwake kinakwambia kwa nini meli haiwezi kuondoka, na uso wake unakwambia kuwa yeye ameshajua.

Nawe umechagua siku ambayo watu huikumbuka kwa idadi ya dakika zake. Wageni hupenda kuitaja kuwa ni vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38 au zaidi kidogo, na huitaja kwa kucheka. Kwetu haichekeshi. Upande wa kasri waliuawa na kujeruhiwa watu wapatao 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, naye akapona. Hao 500 wanaweza kuwa babu wa babu zetu, mimi na wewe, na kijisanamu chochote utakachokisimamisha kwenye ubao kitakuwa kinasimama badala yao. Kumbuka hilo kila unaposhika brashi.

Mambo yenyewe unayajua, lakini niyapange kwa kazi yetu. Sultani wetu, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Siku ile ile Sayyid Khalid bin Barghash akaingia kasri awe Sultani, Waingereza wakamkataa. Meli zao tano za kivita zikajipanga mbele ya majumba: St George, Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon. Khalid akapewa mpaka saa 3:00 asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera na kutoka. Asubuhi ile akajibu kwamba bendera hateremshi, na kwamba haamini kuwa watampiga. Saa 3:00 ikafika. Ikapita. Mizinga ilianza saa 3:02.

Hapo, mwanangu. Zile dakika mbili.

Najua ulikuwa unafikiria mripuko, kwa sababu kila kijana anayeanza hufikiria mripuko. Nami niliufikiria, nikautengeneza zaidi ya mara moja. Mripuko katika diorama ni pamba. Uipake masizi, uitie taa ndani, uifanye utakavyo, itabaki pamba, maana kitu ambacho uhai wake ni kasi hakiishi kikisimamishwa. Kitu kinachoishi kikisimamishwa ni mtu anayengoja, kwa sababu yeye alikuwa amesimama tangu mwanzo.

Baada ya mripuko napo pana hadithi, sikatai. Glasgow, meli ya Sultani, ilizamishwa asubuhi ile, na kwa miaka milingoti yake mitatu ilibaki imechomoza juu ya maji bandarini. Fikiria milingoti hiyo na mvuvi mmoja kwenye mtumbwi anapita katikati yake akivuta mshipi, hata haitazami, ameizoea. Hapo hapana askari wala mzinga, na vita vyote vimo. Siku moja itengeneze, kwa skeli ndogo zaidi, 1/72 au chini yake. Lakini kazi ya maji ni ngumu, na wewe unataka watu, basi turudi kwenye dakika zetu mbili.

Wengi wakiambiwa dakika mbili kabla ya mizinga watachonga hofu: macho yametoka, midomo wazi, mtu kajikunyata. Mimi naona sivyo. Saa tatu imefika na meli hazikupiga. Khalid mwenyewe alisema haamini kuwa watapiga. Sasa imepita dakika moja, na bado kimya. Kinachoingia kifuani mwa mtu wakati ule ni tumaini. Na mtazamaji wa kwetu, aliyekwishapita mara elfu mbele ya majumba yale akienda Forodhani, anajua kilichokuja saa 3:02. Anachokijua yeye, na wasichokijua wale waliomo kwenye ubao, ndicho kitakachomsimamisha asiondoke.

Sentensi yako nakuazima hii, ukipata bora uibadilishe: "Mzee wa mzinga ameanza kuamini kuwa hawatapiga, kijana anamtazama usoni ili naye aamini." Watu wawili basi. Ndani ya majumba walikuwamo watu wapatao 2,800, na walinzi walikuwa sehemu yao tu. Wengi walikuwa raia, pamoja na watumishi na watumwa wa kasri. Huyo kijana mfanye mtumwa au mtumishi, mtu ambaye hakuulizwa kama anataka kuwapo. Hilo linakupa uzito, na linakuondolea shida ya sare. Vifungo na mikanda ya askari wa Sultani usivitengeneze kwa kukisia. Picha za siku zile zipo, nyengine utaziona Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na mpaka uzione ni bora mzee avae kanzu na kilemba, kijana avae shuka kiunoni na kifua wazi. Mahali usipokuwa na ushahidi, chagua mtu asiyekulazimisha kudanganya.

Sasa suala ambalo ndilo litaiamua diorama nzima: mtazamaji anasimama wapi? Wengi watamweka nyuma ya mzinga, atazame baharini pamoja na mzee. Hapo utalazimika kumwonyesha anachokitazama, yaani meli, na St George peke yake kwa skeli ya 1/35 inazidi mita 3. Geuza. Mweke mtazamaji upande wa bahari. Mzee anatazama baharini, kwa hiyo anamtazama yeye. Yeyote atakayeinama mbele ya ubao wako atakuwa amesimama pale zilipokuwa meli, anautazama uso wa mtu anayeomba asipigwe. Huna haja ya kutengeneza meli hata moja. Hutahitaji hata maji.

Mzinga nao ni mmoja. Wapenzi wa silaha watakushauri uweke mmoja wa ile miwili ya kombora la ratili 12 aliyotoa zawadi Kaiser wa Ujerumani, kwa kuwa kombora la kwanza la Thrush liling'oa mzinga wa ratili 12. Ni jambo la kweli na zuri kulijua. Lakini katika silaha za kasri ulikuwamo pia mzinga wa shaba wa karne ya 17, na huo ndio ningeuchagua mimi. Mzinga wenye umri wa zaidi ya miaka mia mbili unaelekea meli za chuma: hadithi imeshasemwa kabla kijisanamu hakijapakwa rangi. Mtutu utaupata kwenye ganda la kalamu kwa kulizungushia tabaka za karatasi na gundi, ulipige msasa mpaka lipungue kuelekea mdomoni. Rangi yake kahawia iliyoiva, kijani kidogo kwenye mikunjo, na pale mikono inapogusa kila siku pasugue pang'are.

Ubao usiukate bado. Hapa ndipo mafundi wengi tunapoharibu, tunanunua ubao mzuri kwanza halafu tunautafutia vitu vya kuujaza. Chukua karatasi kubwa, uweke mzinga na vijisanamu viwili ambavyo havijapakwa rangi. Vianzie mbali. Visogeze kidogo kidogo. Kuna umbali ambao watu wawili ni watu wawili tu, na kuna umbali ambao ghafla wanakuwa na jambo. Wewe utauona, kila mtu huuona, kama unavyoona kwa mbali barazani kuwa wale wawili hawapigi soga tu. Wakifika hapo waache, chora mstari kuwazunguka, uache upana wa vidole viwili kila upande. Huo ndio ubao wako. Nakadiria utapata sentimita 12 kwa 10, yaani mita 4 na kidogo kwa mita 3 na nusu. Utaona ni kidogo mno. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji Mkongwe vina upana wa mita 3 hivi, kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki zaidi ya hapo, na ndani ya vyumba hivyo watu wamezaliwa, wameolewa na wamefiwa. Mita 3 zinatosha.

Nyuma yao weka kipande cha ukuta, na ukuta usiwe sambamba na ukingo wa ubao. Mstari ukienda sawa na ukingo, jicho linauchukulia kuwa ni sehemu ya fremu, linateleza nao mpaka nje. Uzungushe ukuta kidogo, kama mlango ulioachwa wazi kidogo, na mzinga uzungushe kwa upande mwengine. Sasa mistari miwili inakutana, na pale inapokutana ndipo asimame mzee. Asiwe katikati kabisa ya ubao. Katikati kabisa ni mahali pa mnara wa kumbukumbu, na huyu bado yu hai.

Kijana awe chini yake. Mzee amesimama, kijana amechuchumaa kwenye gurudumu la mzinga, uso ameunyanyua. Vichwa viwili na mdomo wa mzinga vinafanya pembe tatu: jicho la mtazamaji litatua kwa mzee, kwa kuwa ndiye mrefu na ndiye anayemtazama, litashuka kwa kijana, na kwa kuwa kijana anamtazama mzee, litarudishwa juu. Macho huyafuata macho. Ukimwona mtu njiani ametazama juu, nawe utatazama juu, huwezi kujizuia. Katika diorama yako kubwa nimechora mistari kwenye picha kufuata macho ya wale askari 14: kumi na mmoja wanatazama nje ya ubao, kila mmoja upande wake. Hapo ndipo watazamaji wako walipotokea nje.

Mkao wa mwili ndio unaostahili siku zako nyingi, wala si rangi. Vijisanamu vya Tamiya, kile kiwanda cha Japani, na wenzao vimetengenezwa na watu wa mbali, na miili yao inazungumza lugha ya huko. Kidole kimenyooshwa, mabega yamepandishwa. Sisi tuna yetu. Mtu aliyeshika tama, yaani kaweka shavu kwenye kiganja, hakuna Mswahili atakayeuliza ana nini. Mikono juu ya kichwa, msiba umeingia. Mikono imefungwa nyuma, mtu mzima anakagua. Mimi sijaona kiwanda kinachouza kijisanamu kilichoshika tama, itabidi umchonge mwenyewe, na ukishamchonga utakuwa na kitu ambacho fundi wa Tokyo hana.

Ila kwa kazi hii tama usiishike. Najua itakuvuta. Mzee akishika tama ameshakata tamaa, na hadithi imekwisha kabla mtazamaji hajafika. Mzee wetu ana tumaini, na tumaini katika mwili ni jambo dogo sana: mabega yameshuka kidogo, kifua kimeanza kutoa pumzi, ule ufito wa kushindilia mzinga alioukamata kwa nguvu sasa umelegea mkononi, ncha yake imegusa chini. Mkono wa pili umelala juu ya mtutu kama mtu anayemtuliza punda. Uso wenyewe kwa ukubwa huu hauna nafasi ya kueleza mengi, kichwa chote ni milimita 7 hivi, kwa hiyo uachie mwili kazi. Kijana: shingo imenyooka, kinywa kimefunguka upana wa unywele. Mkono wake mmoja bado uko kwenye kamba ya ndoo ya maji. Hiyo ndoo ndiyo kitu pekee cha ziada ninachokuruhusu. Utatamani kuweka buli la kahawa, makubadhi, tasbihi, kuku. Kila kimoja ni kizuri, na kila kimoja kitamwibia mzee sekunde moja ya mtazamaji.

Kuwapata kwa plastiki: chukua mpiga mzinga wa skeli yako, mkate kiunoni na mabegani kwa msumeno mwembamba, muunge upya kwa waya ndani, umtazame pande zote kabla ya gundi. Kanzu tumia ile epoksi ya kukanda ya vipande viwili wanayotumia mafundi bomba, uipake maji isishike, au karatasi laini iliyoloweshwa gundi nyeupe ya seremala na maji. Mikunjo ianzie begani na kiunoni, isianzie popote.

Nuru na upepo vifikirie pamoja. Kasri imeelekea bahari ya magharibi, na saa tatu asubuhi jua liko nyuma yake, upande wa mashariki. Kwa hiyo ukuta uko kivulini. Nyeupe ya chokaa kivulini si nyeupe ya mkebe; itie tone la buluu na tone la kijivu. Na tafadhali, ukuta huo usiutoboe, usiumwage plasta, usiupake masizi. Nakuonya kwa sababu nimeona unavyopenda magofu, na unayaweza. Lakini bado haijafika saa 3:02. Jumba la Beit al-Hukm, lililobomolewa siku ile, kwa wakati huu bado limesimama. Ukuta safi nyuma ya watu hawa unauma kuliko gofu, na una faida nyengine: mzee ukimvisha joho la rangi nzito juu ya kanzu atajitokeza mbele ya ukuta mweupe hata kwa mtu aliyesimama mlangoni.

Agosti ni kusi. Upepo unatoka kusini, yaani mtazamaji aliyesimama baharini akaielekea kasri unamjia kutoka kuliani. Upindo wa kanzu na ncha ya kilemba vyote viende kushoto kwake, vyote, maana upepo hauchagui. Ni jambo dogo, lakini ukilikosea jicho hulihisi hata lisipoweza kulitaja.

Bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu. Kila mtu atataka kuiweka, na mimi nakwambia uiache. Nyekundu ikiwa kubwa na iko juu, jicho litapanda huko likae, na hadithi yako iko chini. Kama roho haitulii bila nyekundu, itie kwenye mlia mwembamba wa kilemba cha mzee, karibu na uso. Mahali pamoja, upana wa punje ya mchele, pasipo nyekundu nyengine ubaoni kote.

Ardhi sasa, maana nimeona umetumia mchanga wa ufukweni na punje zimebaki kubwa. Punje ya nusu milimita kwa skeli ya 1/35 ni jiwe la milimita 17 na nusu. Yaani askari wako wamesimama juu ya kokoto. Mchanga wa pwani zetu pia ni vipande vya matumbawe na makombe, una chumvi, na chumvi huvuta unyevu mpaka gundi inyanyuke. Uoshe kwa maji matamu mara tatu, uanike, uusage, uchekeche kwa kitambaa cha kanga, halafu utumie ule unga peke yake. Nyuzi za kumbi la nazi ni kamba nzuri na majani makavu mazuri. Na kwa kuwa uko Pemba hutakosa makonyo ya karafuu. Kwa skeli hii ni kuni na matawi ambayo hakuna duka linalouza bora yake. Yakaushe sana na uyapake vanishi kwanza, kwa sababu mafuta ya karafuu yanailainisha plastiki ya vijisanamu. Kwa diorama hii hutayahitaji, nakwambia tu yasije yakakuharibia nyengine.

Kabla ya gundi ya mwisho, piga picha kwa simu na uiondoe rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Kama mzee haonekani wa kwanza, rangi zako zimekudanganya. Halafu mwite mtoto wa jirani, asiwe mpenzi wa vifaru. Mwache atazame kwa kuhesabu mpaka kumi, mgeuze uso, umwulize: "Wanafanya nini wale?" Usimsaidie. Akisema "kuna mzinga", bado. Akisema "yule babu anatazama kitu", umefika nusu. Akisema "yule kaka anataka kumuuliza babu", paka gundi.

Diorama hii iweke juu, usawa wa kifua, ili mtu akiinama kidogo macho yake yakutane na ya mzee. Ukiiweka kwenye meza ya chini utamfanya kila mtazamaji kuwa ndege, na ndege haulizi kitu. Ubao wa chini uwe msaji au mti wowote mzito wa rangi ya kiza, unyanyuke sentimita 5. Kibao cha jina kiwe na maneno machache yasiyoeleza kinachoonekana. Usiandike "Vita vya Unguja", wala usiandike "Mzee na kijana". Andika "27 Agosti 1896, saa 3:01 asubuhi". Anayejua atajua, na asiyejua sasa ana la kukuuliza, jambo ulilokuwa unalilalamikia.

Hii kubwa uliyoniuliza uifanyeje, usiitupe. Tazama picha yako ya nne, pembeni nyuma ya lori. Pana askari amekaa juu ya ngazi ya ile nyumba, kavua kiatu kimoja, amekishika mkononi, na hatazami vita wala wenzake. Anatazama ndani ya kiatu. Nilimwona siku ya tatu, nikamtazama zaidi ya vile vyote vyengine. Sijui kama ulimweka kwa makusudi au ulikuwa na kijisanamu kimebaki. Chukua msumeno, mkate pamoja na ngazi tatu na kipande cha ukuta, kadiri ya sentimita 8 kwa 8, umwekee ubao wake peke yake. Halafu nitumie picha yake kabla hujaanza ya 1896.